Jiko la moshi la pembeni: bomba likae wazi

Msomaji ameuliza kwa nini nyama ya jiko lake jipya inatoka nyeusi na chungu, ilhali kuni ni za mpera na viungo amepima vizuri. Picha aliyotuma inajibu: bomba limefungwa nusu, na moshi unaotoka ni mweupe, mzito. Kwa moshi wa namna hiyo hakuna kiungo kitakachoiokoa nyama.

Majiko haya, yenye chumba cha moto ubavuni, ndiyo fahari ya wabanikaji wa Texas, ambao hutengeneza makubwa kwa matangi ya zamani ya gesi na kuchoma kuni za mwaloni. Nyama haikai juu ya moto. Hewa ya moto huvutwa kutoka ubavuni, hupita kwenye nyama, kisha hutokea bombani upande wa pili. Hewa ikikwama, kuni hufukuta badala ya kuwaka, na ule utomvu mweusi wa moshi huganda juu ya nyama.

Ukienda kununua, shika mlango wa chumba cha moto kwanza. Majiko mengi ya bei nafuu ni bati la milimita 2 au 3: upepo ukivuma joto linashuka, ukitia kuni linaruka, na utashinda unalikimbiza siku nzima. Ukiagiza kwa fundi, taka chuma cha milimita 6. Fedha zikiwa chache, chuma kinene kiende kwenye chumba cha moto, na chumba cha nyama kiwe pipa la lita 200. Pipa liwe lilibeba chakula, si kemikali, na rangi ya ndani ichomwe na kukwanguliwa mpaka chuma kitupu. Chuma kilichopakwa zinki kisikaribie moto, mvuke wake ni sumu. Na mtungi wa gesi usikatwe na fundi yeyote anayesema tu kwamba ni mtupu. Gesi inayobaki ndani inaua.

Kwa pipa hilo, chumba cha moto cha sentimita 40 kila upande kinatosha, yaani karibu theluthi ya ujazo wa pipa. Tundu linalounganisha vyumba viwili liwe pana kuliko bomba. Bomba liwe la inchi 5 au 6, na mdomo wake wa ndani uwe usawa wa wavu wa nyama. Ukiwekwa juu kabisa, joto hupita darini na kuiacha nyama chini. Kuni nazo zikae juu ya wavu wao, sentimita 8 hadi 10 kutoka sakafuni, hewa ipite chini na majivu yaanguke. Mafundi wengi huruka wavu huu, ndipo moto unapozimwa na majivu yake wenyewe.

Kabla ya nyama ya kwanza, osha ndani kwa sabuni, kausha, paka mafuta ya kupikia, kisha washa moto wa nyuzi 120 hadi 135 za Selsiasi kwa saa 3. Moshi ukivuja kwenye mfuniko, ziba kwa kamba ya nyuzi za kioo inayostahimili moto. Halafu panga vipande vya mkate wavu mzima: vitakavyoungua vitakuonyesha mahali pasipofaa kuweka nyama. Kipimajoto cha mfunikoni kisikudanganye, weka viwili usawa wa wavu.

Sasa moto. Anza na mkaa mpaka upate makaa mekundu, kisha gogo moja la sentimita 30, nene kama kifundo cha mkono. Lifuatalo lipashe joto juu ya chumba cha moto, ulitie baada ya dakika 30 hadi 45, mlango ukiwa wazi kidogo mpaka lishike. Kuni ziwe kavu kweli: ukigonganisha mbili zilie, zisitoe mlio mzito. Mpera, mwembe, mchungwa na mparachichi zinafaa. Msonobari, mkaratusi na mbao zenye rangi au dawa, hapana.

Ndugu zangu, acheni kufunga bomba ili "kubana moshi ndani". Joto likizidi, punguza ukubwa wa gogo au rudishia kidogo mlango wa chumba cha moto. Moshi mzuri ni mwembamba, wa kibuluu, karibu hauonekani. Kidari cha ng'ombe cha kilo 5 kitakaa humo saa 10 au zaidi, na ndani kikifika nyuzi 70 hivi kitagoma kupanda kwa muda mrefu, kwa kuwa maji yanayogeuka mvuke juu yake yanakipoza. Usiongeze moto. Kifunge kwa karatasi isiyo na nta, ukitoe kwenye nyuzi 95, kipumzike saa nzima kabla ya kisu.

Majivu yakipoa, yatoe siku hiyohiyo. Yakinyonya unyevu hukaa juu ya chuma na kukilisha kutu, na sakafu ya chumba cha moto ndiyo hutoboka kwanza.