Nilirithi soriasis kwa baba, na bado nikazaa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Arusha aliniandikia karibu saa sita usiku. Ana soriasis, ugonjwa wa ngozi unaotoa magamba, tangu akiwa kidato cha tatu. Amechumbiwa, na mama wa mchumba ameshatamka kwamba hawataki magamba kwenye ukoo wao. Akaniuliza, "Dada, nikizaa, mtoto atapata?" Sikulala. Niliwahi kuulizwa swali hilohilo mbele ya wageni waliokuja kunichumbia, na sikuwa na jibu.

Baba yangu alikuwa nayo. Kwetu Kibosho ilijulikana tu kwamba mzee "ana ngozi". Kila Jumapili kabla ya misa alisimama mlangoni amevaa koti lake jeusi, mama akimpangusa mabegani kwa kiganja. Unga mweupe ulidondoka, anapangusa, unadondoka tena. Majirani walisema amerogwa kwa sababu ya kihamba, shamba la ukoo. Leo najua kwamba mwili wake ulikuwa unatengeneza ngozi mpya ndani ya siku chache, kazi ambayo kwa mtu mwingine huchukua karibu mwezi mzima.

Mimi ilinianza nikiwa na miaka 19, wiki mbili hivi baada ya kuugua mafindofindo. Vidoa vidogo kama matone ya mvua vilijaa kifuani na mgongoni. Nilipaka dawa ya fangasi miezi minne. Kisha duka moja la dawa likaniuzia krimu ya kwenye kikopo kisicho na jina. Nikatakata kabisa, nikafurahi, nilipoacha kupaka ikarudi maradufu.

Wale wageni walikuja nikiwa na mikono mirefu. Nilipoinama kumimina chai, mkono wa blauzi ukapanda, shangazi wa mchumba akaona kiwiko. Akauliza kama ni ya kurithi. Baba aliangalia chini. Posa ikafia pale. Mzee wangu amefariki akiamini ndiye aliyenivunjia ndoa, na hilo linaniuma kuliko mchumba aliyeondoka.

Miaka miwili baadaye, kliniki ya ngozi KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, daktari alinieleza taratibu. Soriasis si kama selimundu, ambayo shida yake iko kwenye jeni moja. Hapa jeni ni nyingi, kila moja inachangia kidogo. Yenye nguvu kuliko zote inaitwa HLA-C*06:02, iko kwenye kromosomu ya 6, na kazi yake ni kusaidia kinga ya mwili kutambua adui. Lakini wengi walio nayo hawaugui maisha yao yote, na wapo wagonjwa wasiokuwa nayo. Nyingine, kama IL23R, zinahusu ujumbe ambao seli za kinga hutumiana. Baadhi ya sindano mpya za soriasis hufanya kazi kwa kuzuia ujumbe huohuo. Hata mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, si lazima mwenzake augue.

Sasa jibu lako, mdogo wangu. Mzazi mmoja akiwa nayo, mtoto ana nafasi ya takriban asilimia 10 au zaidi kidogo. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, inakaribia nusu. Hesabu hizo zimetoka zaidi kwa familia za Ulaya, lakini ziandike kwenye karatasi umpelekee mama mkwe. Muulize pia kisukari na presha za ukoo wake nani alivunjiwa posa kwa ajili yake.

Jeni huwezi kuzibadilisha. Vinavyoziamsha unaweza kuvipunguza. Mtoto akiumwa koo, mpeleke hospitali, usimalizie kwa tangawizi. Pombe na sigara acha, hata mbege ya sherehe. Usijikune wala kubandua magamba, kwa sababu soriasis huota juu ya jeraha. Ukiandikiwa dawa ya presha, mwambie daktari una soriasis, maana zipo zinazoichochea. Maumivu ya viungo na vidole kuvimba usivifiche, huenda ni soriasis imeingia kwenye maungio. Na krimu za kwenye vikopo visivyo na jina, achana nazo. Narudia, achana nazo!

Tuache pia kunong'ona. Ulizeni pande zote mbili za ukoo, kwa bibi na kwa babu, nani alikuwa na ngozi ya namna hii. Kama baba angeambiwa mapema kwamba hajarogwa, angekaa kanisani mbele.

Mwanangu ana miaka saba. Nikimwogesha humgeuza viwiko kwenye mwanga wa dirisha, na mpaka leo ni laini. Vikibadilika, najua njia ya kliniki.

Mama mkwe wako akikubali, mlete Moshi. Nitakaa naye mwenyewe, nitapandisha mikono ya blauzi, aulize chochote anachotaka.