Usilipe hiyo 180,000, soma hapa kwanza

Mkuu, usilipe. Kama umeshatuma nusu, idai leo hii. Umeandika kwamba tangu duka liungue kichwa hakitulii, kila usiku unasikia kwamba umeiangusha familia, na sasa umepata mwalimu wa kozi ya kutafakari ya siku 21, kwa hiyo 180,000, anayekuahidi "akili tupu". Unauliza bora asubuhi au usiku, ukae kwenye kiti au mkeka, muziki gani unafaa, na kama uahirishe kliniki ya Jumanne mpaka kozi iishe. Nilipofika hapo pa kliniki nikashindwa kuendelea kusoma, kwa sababu mimi niliahirisha.

Kaka yangu alifariki 2018. Jioni ile alinipigia. Simu ilikuwa mezani karibu na sahani ya ugali, nikaona jina lake, nikaigeuza kifudifudi nimalize kula kwanza. Hatukuwa na ugomvi wowote, nilikuwa na njaa tu. Saa nne usiku akapiga shemeji. Tangu hapo kichwani mwangu likaingia neno moja: "Ungepokea." Naoga, ungepokea. Nahesabu magunia stoo, ungepokea, hesabu inapotea naanza upya.

Hospitali nilishaanza kwenda, nina dawa na tarehe ya kuonana na mshauri. Ndipo jamaa mmoja akaniunganisha na mwalimu kwenye kundi la WhatsApp. Sauti laini, maneno matamu. Mafundisho yake yote yalikuwa haya: wazo hasi ni uchafu, fumba macho ulifukuze mpaka kichwa kibaki kitupu, na likirudi ujue hujatia nia. Nilimwamini kwa sababu alichokuwa anauza ndicho nilichokuwa nakililia. Nani asingetaka neno kama lile lifutwe?

Nilianza na dakika kumi. "Ungepokea" ikija, naisukuma. Pumzi tatu, imerudi. Nikamweleza, akasema ongeza muda. Nikaongeza ishirini, nikaongeza arobaini, mwisho nikawa naamka saa tisa za usiku nakaa gizani mpaka alfajiri. Mbu wa Tabata hawana heshima na mtu anayetafakari, lakini mbu hawakuwa shida yangu. Nimeuma meno, mabega yamepanda mpaka masikioni, napigana na neno moja. Na kila liliporudi lilikuja na mwenzake: "Hata kutafakari kumekushinda." Niliingia na wazo moja nikatoka na mawili.

Usingizi ukakata kabisa. Nikamwandikia tena. Akajibu kwamba dawa za hospitali ndizo zinaziba utulivu, niziache. Nikaziacha, siku hiyo hiyo, bila kumuuliza daktari. Tarehe ya mshauri ikapita. Wiki ya tisa vijana wa stoo walinikuta nimekaa sakafuni kati ya magunia nalia, siwezi kuinuka. Mke wangu akaja na bajaji kunipeleka hospitali. Ile kazi sikuipata tena. Na mwalimu nilipomwandikia yaliyonikuta, alinitoa kwenye kundi. Hakunipa hata pole. Mtu anachukua hela za wagonjwa, anawatenga na daktari wao, halafu wakianguka anawafuta kwenye simu! Nikikumbuka hilo mpaka leo damu inachemka, na nikiona mwingine anaahidi "akili tupu" siwezi kunyamaza.

Mshauri niliyekutana naye baadaye aliniuliza, "Siku zote hizo ulikuwa unatafakari, au ulikuwa unapigana?" Kisha akanisimulia habari ya Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1987 Wegner na wenzake waliwaambia watu wakae dakika tano wasimuwaze dubu mweupe, na akiwajia wagonge kengele. Waligonga zaidi ya mara moja kwa dakika. Baadaye waliporuhusiwa kumuwaza, wakamuwaza kuliko wale ambao hawakukatazwa mwanzoni. Nilicheka, halafu nikalia. Mimi miezi miwili nilikuwa nagonga kengele usiku kucha.

Zoezi lenyewe la uzingativu, yaani kutafakari kwa kuangalia tu kinachopita kichwani na mwilini, halijawahi kuwa la kufukuza kitu. Jon Kabat-Zinn, msomi wa Marekani, alipolianzisha hospitalini Massachusetts mwaka 1979, kozi ambayo leo ni ya wiki 8, alipokea watu wenye maumivu sugu, na hakuwaambia wayafute. Walijifunza kuyaangalia. Wanasaikolojia Segal, Williams na Teasdale walipolichukua kwa ajili ya watu waliowahi kuugua sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, walilenga isiwarudie: mtu alione wazo linapoingia kabla halijamburuza. Lilikwenda pamoja na matibabu, halikuwekwa badala yake.

Kwa hiyo shika hili moja: wazo usilifukuze, litaje. Kaa, macho wazi kama kuyafumba kunakutisha, nyayo zote mbili chini, zisikie zinavyogusa sakafu. Likija lile la duka, usibishane nalo, usilijibu, usilisukume. Sema taratibu, "Limekuja wazo kwamba nimeiangusha familia." Basi. Angalia tofauti: "nimeiangusha familia" ni hukumu, "limekuja wazo kwamba" ni taarifa ya kitu kilichopita kichwani. Rudi kwenye nyayo. Likirudi mara hamsini, litaje mara hamsini, hujashindwa popote. Dakika tatu zinatosha kuanzia. Kifua kikianza kubana au hofu ikipanda, acha, simama, tembea, ongea na mtu.

Langu bado linakuja. Juzi ndani ya daladala simu ya abiria wa mbele iliita, akaikata, na papo hapo: ungepokea. Nikasema moyoni, "Limekuja lile la simu." Nikashika bomba, nikasikia lilivyo baridi kiganjani, konda akaendelea kupiga kelele za Buguruni. Nilishuka kituo changu nikiwa na huzuni, lakini nilishuka, nikaenda kazini.

Jumanne nenda kliniki. Dawa kama unazo usiziguse bila daktari, na mwambie yote, pamoja na hiyo sauti ya usiku. Hiyo 180,000 ni nauli za kliniki za miezi mingapi, piga hesabu mwenyewe. Ukitoka huko njoo uandike hapa walikuambiaje, nitakuwa naangalia uzi huu.