Wapeleke Mikokoni, Kisha Unyamaze

Mtaala wetu wa Kenya unautaja ubunifu miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi, yaani uwezo wa kujengwa kwa kila mtoto, lakini waambie watoto wachore mti uone: darasa zima litakuletea shina la kahawia na kofia ya kijani. Mimi nafundisha gredi ya nne upande wa Mikindani, na dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwatoa nje wakiwa na swali la kuwasumbua.

Sisi wa Mombasa mikoko tunayo mlangoni. Chagua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maana siku hizo maji hupwa sana mwendo wa saa nne, saa tano asubuhi, ndani ya vipindi vyako. Siku za maji mafu, yasipopwa sana, usijisumbue.

Tukifika hori ya Tudor, mkono wa bahari ulioingia bara, sielezi kitu. Nawaonyesha mchu, ambao mizizi yake huchomoza juu ya tope kama penseli, halafu mkoko wenyewe, unaosimama juu ya mizizi iliyopinda hewani. Nauliza: mbona hii yapanda na ile yashuka? Hapo sasa ndipo pagumu kwa mwalimu. Jibu unalo: ya mchu huvuta hewa kwa kuwa tope halina oksijeni ya kutosha, ya mkoko hushikilia mti. Ulimi unakuwasha. Ukilitoa tu, wataliandika na kufunga daftari. Msichana mmoja aliniambia mchu "unatoa pua usizame". Nilimwacha aendelee.

Kisha wajenge: nyumba ndogo ya vijiti, makuti na tope, isiyoanguka bamvua likija. Kikundi kimoja kilipinda vijiti na kuvichomeka kuzunguka nguzo, bila kuambiwa na mtu. Tulipomwaga ndoo ya maji, nyumba za kuta nene zililala chini. Yao iliyumba, ikasimama. Wenzao walirudi kuchungulia mizizi upya, safari hii kwa makini ya fundi.

Mwalimu mkuu akikataa safari, mwarobaini wa uwanjani watosha kuanzia. Wapime kivuli chake saa mbili na saa sita, wabuni saa yao wenyewe.

Viatu viwe vya kufunga, chaza hukata vibaya. Na barua ya wazazi itaje tope waziwazi, la sivyo utajibu wewe habari za mashati meupe.