Jibu: Mafuta ya shea yana chengachenga na magaga hayaishi

Habari yako dada. Umesema mafuta yako ya shea yameota chengachenga, na ukipaka miguuni yanang'aa tu juu, jioni magaga yako palepale.

Anza na harufu. Yasiyosafishwa hunukia kama karanga, pengine na moshi kidogo. Yakinuka uchachu kama mafuta ya kupikia yaliyokaa sana, usipake. Harufu ikiwa nzuri, chengachenga hazina ubaya: joto liliyayeyusha, yakaganda polepole. Weka kopo ndani ya maji ya moto, koroga, kisha ingiza friji hapohapo yapoe haraka.

Ila shida kubwa naiona kwenye upakaji. Shea haileti maji kwenye ngozi, inazuia yaliyomo yasitoke. Ukipaka ngozi ikiwa kavu, umefungia ukavu. Mimi hupaka nikitoka tu kuoga, ngozi ingali na unyevu; kiasi cha harage moja kwa kila mguu, nasugua kwanza viganjani mpaka yayeyuke kabisa. Kwenye magaga, loweka miguu, paka, vaa soksi, lala nazo.

Ukipata ya kaskazini mwa Uganda, kule Lira na Gulu wanayaita moo yaa, chukua. Ni laini kuliko ya Ghana au Burkina Faso, yanapakika vizuri zaidi. Usiyategemee kuondoa madoa. Na nyufa zikitoa damu au usaha, nenda zahanati kwanza.