Dawa bure, mgonjwa ghali: kwa aliyeuliza kuhusu dada yake na bima

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Dada yako ana miaka 24, karudi kutoka chuo anaongea peke yake, halali, na anasema wapangaji wenzake walikuwa wanamwekea sumu kwenye maji. Wewe ni mtumishi wa umma, kadi ya bima unayo. Unauliza utamwingizaje kwenye kadi, na kama uuze kiwanja umpeleke hospitali binafsi. Waliokujibu kabla yangu karibu wote wamekwambia matibabu ya akili ni bure, sasa unahangaika nini. Mimi naanzia hapo hapo kwenye "bure", maana neno hilo kwetu limekula hela nyingi.

Mdogo wangu alianza 2014, akiwa na miaka 22. Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro mjini. Mama yuko Dumila, ana genge lake la mboga na nazi. Kama familia nyingine zote hatukuanzia hospitali. Tulianzia kwa mchungaji, tukaenda kwa mganga wa kienyeji, na mganga alikula mbuzi mmoja, na tulipomrudia baadaye, laki tatu na nusu taslimu. Sisemi hivyo kuwacheka wazee. Nasema kwa sababu ile laki tatu na nusu nimeiandika kwenye hesabu, na hesabu ndiyo nataka uione.

Ni kweli kabisa, ugonjwa wa akili upo kwenye orodha ya msamaha. Serikali ilipoanza kuchangisha wagonjwa hospitalini mwaka 1993, magonjwa fulani yaliachwa nje: kifua kikuu, ukoma, UKIMWI, na hili letu. Sisi hatujawahi kulipa hela ya kumwona daktari wa akili hospitali ya serikali. Kazi inaanza dirisha la dawa. Unafika na cheti chako chenye mhuri wa msamaha, unaambiwa imeisha, kanunue nje. Mwezi huu ipo, miezi miwili haipo.

Nilikuwa nadhani ni uzembe au wizi, hadi mfamasia mmoja mtu mzima akanikalisha chini akanifundisha. Hospitali inaponunua dawa Bohari ya Dawa, sehemu kubwa ya hela inatoka kwa wanaolipa dirishani na kwenye madai ya bima. Mgonjwa wa kisukari mwenye kadi akichukua dawa zake, ile hela inarudi na kopo jingine linaagizwa. Mdogo wangu akichukua zake, kopo limepungua na hakuna kilichorudi. Ukiwa mganga mkuu wa hospitali na hela yako haitoshi, utaanza kujaza rafu ipi? Hakuna aliyekaa akapanga kumtesa mgonjwa wa akili. Aliyesamehewa kulipa hana mtu anayemlipia, basi.

Mambo ya ajira za wataalamu nayo yako hivyo hivyo. Bima inailipa hospitali kwa kila kipimo na kila dawa. Mashine ya ultrasound inaingiza hela kutwa nzima. Kliniki ya akili ni meza moja, viti vitatu, na nesi anayejua kusikiliza. Kusikiliza kwa dakika arobaini hakuna risiti ya maana. Ndiyo maana utakuta hospitali ina mashine mpya lakini anayezungumza na wagonjwa wa akili ni mmoja, na akienda likizo mnaambiwa mrudi mwezi ujao.

Sasa kadi yako. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na kadi inambeba yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Wategemezi ni wazazi wako, wa mwenza wako, na watoto. Mtoto akishafika miaka 21 anashuka. Nilipopeleka jina la mdogo wangu nikaambiwa dirishani, kwa upole tu, kwamba ndugu wa miaka 22 hana nafasi hapo. Nikarudi nyumbani nafikiria: ugonjwa huu, hasa skizofrenia, ule wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, unapenda kuanza kati ya miaka kumi na nane na ishirini na mitano. Yaani unamkamata mtu pale pale kadi ya mzazi inapomshusha na kabla hajapata mwajiri wa kumkatia yake. Ungesema walikaa kikao kimoja.

Kwa hiyo nikamwandikisha mama. Na hapa kuna kichekesho ambacho hakichekeshi. Presha ya mama ilianza mwaka ule ule mdogo wangu alipoanza kukimbia usiku. Vipimo vyake, dawa zake, kumwona daktari bingwa, vyote bima inalipa bila swali. Yaani inatibu kivuli cha ugonjwa, ugonjwa wenyewe umekaa pembeni kwenye benchi unasubiri dawa ya msamaha.

Aliyeandika kule juu kwamba Marekani bima ya serikali inalipa kila kitu, naye asitudanganye. Medicaid, ambayo ndiyo bima yao ya watu wa kipato cha chini, tangu 1965 imekatazwa kumlipia mtu wa miaka 21 hadi 64 akilazwa kwenye taasisi ya magonjwa ya akili yenye vitanda zaidi ya 16. Majimbo kadhaa yamepewa ruhusa ya kulikwepa sharti hilo, lakini sharti lipo. Binamu yangu anayefanya kazi huko ndiye aliyenionyesha. Nilipoiona ile 21 nilicheka peke yangu kama mgonjwa.

Turudi kwenye hesabu. Mwaka 2019 nilinunua daftari, kila kilichotoka kwa ajili ya mdogo wangu nikakiandika. Mwisho wa mwaka nikapata 1,950,000. Humo ndani risiti zenye mhuri, za hospitali na za famasi pamoja, zilikuwa 206,000. Kama sehemu moja ya kumi hivi. Hizo tu ndizo ambazo bima yoyote duniani ingekubali kuzisoma.

Iliyobaki ilikwenda wapi? Nauli na chakula cha watu wawili, Dumila hadi Morogoro kila mwezi, maana hawezi kwenda kliniki peke yake. Pikapu ya kukodi saa nane usiku alipochachamaa mwezi wa saba, na vijana wanne wa kumshika, ambao lazima uwape chochote. Madirisha na televisheni ya jirani alivyovunja. Wiki tatu za kulazwa, ambapo kitanda ni bure lakini lazima ndugu awepo, ale, alale mahali, anunue sabuni na pampasi. Na laki tatu na nusu ile ya mganga, ambaye tulimrudia mwaka huo baada ya hospitali kukosa dawa. Ila kubwa kuliko yote ni siku 41 ambazo genge la mama lilifungwa. Kwa elfu kumi na tano ya siku, hiyo ni 615,000. Mama mwenyewe hakuihesabu kama gharama. Alisema, "Mwanangu, nilikuwa nimekaa tu na mdogo wako."

Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2016 kwamba dola 1 ikiwekwa kwenye kutibu sonona na wasiwasi inarudisha 4, kwa watu kuwa wazima na kufanya kazi. Naamini. Lakini soma vizuri, hizo 4 zinarudi kwa nani? Zinarudi genge la mama likifunguliwa, zinarudi kwa jirani mwenye televisheni nzima. Haziingii kwenye mfuko uliotoa ile 1. Ndiyo maana serikali nyingi duniani zinatenga kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa akili. Anayelima na anayevuna ni watu wawili tofauti, na anayelima hamjui anayevuna.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni Novemba 2023, kila mkazi awe na bima. Mimi naitazama kwa jambo moja: mtu mzima asiye na mwajiri, kama mdogo wangu, apate kadi inayomlipia kopo la dawa ili hela irudi hospitalini. Hilo peke yake litabadilisha lile dirisha. Lakini nauli na siku za mama hazitaguswa, kwa hiyo usikae unasubiri kadi ndiyo uanze.

Cha kufanya sasa. Mpeleke kliniki ya akili ya hospitali ya mkoa, afunguliwe faili, na faili hilo lisihamehame. Pitia kwa afisa ustawi wa jamii mkamilishe msamaha siku ya kwanza, wakati bado mna nguvu za kupanga foleni. Akipewa vidonge vya zamani kama haloperidol au kloropromazini, ni dawa zinazofanya kazi, ila mdogo wangu vilimkaza shingo, mate yakamtoka, watu mtaani wakasema karogwa mara ya pili. Akaviacha bila kutuambia, na kuacha huko ndiko kulikozaa ile pikapu ya saa nane usiku. Kwa hiyo likitokea la kukaza mwili rudini haraka, kuna kidonge cha kulegeza. Msiache dawa kimyakimya. Sisi tulikuja kuuliza kuhusu sindano ya mwezi, daktari akakubali, na tangu 2020 hajalazwa tena. Safari ni moja kwa mwezi na hakuna vita ya kumeza kila jioni. Muulize daktari kama inamfaa dada yako, si kila mtu inamfaa.

Kisha tenga hela ya mambo yasiyo na risiti kabla hujatenga ya hospitali: nauli ya watu wawili, akiba ya dawa ya miezi miwili ikikosekana dirishani, na posho ya huyo atakayekaa naye. Mlipeni, hata kidogo. Kwetu tulimwona mama kama mtu wa bure, naye akaugua.

Kiwanja usiuze. Kulazwa hospitali binafsi kutakula kiwanja ndani ya miezi michache, halafu utarudi kwenye kliniki ile ile ya mkoa bila kiwanja. Ikibidi apate rufaa, Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ipo Dodoma, na siku hizi kutoka huku Morogoro kwa treni ya umeme ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Nijibu dada yuko wilaya gani na anakaa na nani mchana. Hilo la mchana ndilo nataka kulijua kwanza.