Kabla hujapiga chown, soma namba

Wiki hii wadogo zangu wawili wamefungua bekapu, wakakuta kila faili limekuwa lao, na wote wakakimbilia `chown -R`, amri ya kubadilisha mmiliki wa saraka na kila kilichomo. Jamani, ngojeni kwanza.

1. Ukifungua tar (mafaili mengi yaliyofungwa kuwa moja) kama mtumiaji wa kawaida, mafaili yote yatakuwa yako. Hiyo si hitilafu: asiye root (msimamizi mkuu wa mfumo) haruhusiwi kumpa mwingine faili. Tumia sudo, inayoendesha amri kwa haki za root.

2. Tar hubeba jina la mmiliki pamoja na namba yake ya mtumiaji (UID). Ukiwa root, hutafuta kwanza jina kwenye mfumo uliowashwa; lisipokuwepo ndipo hushika namba. Hapa ndipo nilipoumia. Seva ilikufa usiku. Nikaiwasha kwa flashi ya uokoaji, nikapachika diski mpya kwenye `/mnt`, nikafungulia bekapu humo. `ls -l` ikanionyesha mmiliki ni postgres (mtumiaji wa hifadhidata yetu), postgres, postgres, mstari kwa mstari. Nikaridhika, nikawasha upya. Hifadhidata ikagoma. Kupiga `ls -l` tena, mafaili yaleyale yana jina la huduma nyingine kabisa! Kumbe kwenye flashi postgres alikuwa 105, kwenye seva yetu 112. Diski huandika namba tu. Jina husomwa kwenye `/etc/passwd` ya mfumo uliowashwa. Nami kwa haraka, kabla sijaelewa, nikapiga `chown -R` kwenye `/var` nzima, nikaharibu hata yaliyokuwa sahihi: foleni za barua, logi, kila kitu. Nilianza upya, nikamaliza alfajiri, wenzangu wamekesha kwenye simu wakinisubiri. Usiku ule wote ungeokolewa na `--numeric-owner`, inayoiambia tar ishike namba, iache majina. Bado inaniuma, ndiyo maana nawafokea.

3. Kwa zip, `unzip` hairudishi wamiliki bila `-X`, na lazima uwe root. 7z haiwahifadhi kabisa. Funga kwa tar kwanza, kisha ubane.

4. FAT na exFAT, mifumo ya mafaili ya flashi nyingi, hazina pa kuandika mmiliki. Tar yenyewe ikae humo, lakini usiifungulie humo.

5. Kabla ya kufungua, orodhesha yaliyomo na namba za wamiliki: `tar --numeric-owner -tvf`. Kabla ya chown yoyote, hifadhi orodha ya wamiliki na ruhusa: `getfacl -R . > haki.txt`; ukikosea, `setfacl --restore=haki.txt`, ukiwa root na ukiwa kwenye saraka ileile. Dakika moja tu, mdogo wangu.

Na wewe uliyebadilisha mmiliki wa `/usr/bin` jana: sudo imekataa kwa sababu mmiliki si root tena, na chown imeondoa pia alama ya setuid, inayoifanya programu iendeshwe kwa haki za mmiliki wake. Ingia kwa flashi, rudisha mmiliki kwanza, chmod ya kurudisha alama hiyo ifuate. Ukigeuza mpangilio, chown itaifuta tena.