Meza ya nyoka: maswali yenu kuhusu kuuza kwenye maonesho ya reptilia

Haya jamani, tangu niseme kwamba wikendi zangu nauza chatu kwenye maonesho ya reptilia huku Illinois, maswali hayaishi. Leo najibu matano.

Nimelipia meza kwa mara ya kwanza. Nibebe wanyama wangapi? – Kaka, Columbus, Ohio

Hongera kaka, ila kabla ya wangapi uliza wepi. Mi nauza chatu mpira, wale wadogo wa Ghana, Togo na Benin, wakiogopa wanajikunja duara kichwa kinaingia katikati. Sibebi mtoto ambaye hajala milo minne mwenyewe, na kila kikopo ninachomwekea mtoto wa kuuza kina kikaratasi: kazaliwa lini, kala lini, kala panya hai au wa friza. Manake chatu huyu akihamishwa anaweza kugoma kula wiki na wiki, sa kama hata kwako alikuwa hajakolea kula basi umemuuzia mtu kilio.

Afu kuna kitu hakuna aliyeniambia. Ile asubuhi milango haijafunguliwa wauzaji tunanunuliana wenyewe kwa wenyewe, na hapo ndo utaponzeka. Mwaka wangu wa pili nilichukua jike zuri mno meza ya jirani, nikafika nalo nyumbani nimechoka, nikaliweka rafu moja na wengine. Wiki tatu baadae nabadilisha maji naona vidoti vyeusi vimezama kwenye bakuli, kama pilipili manga iliyosagwa. Utitiri. Wananyonya damu, wanajificha chini ya magamba na pembeni ya macho. Nilitupa matandiko ya nyoka 40, nikasugua kila boksi, miezi miwili ndo wakaisha. Sikuhizi chochote kinachotoka kwenye onesho, hata wangu aliyerudi bila kuuzwa, kinakaa chumba cha peke yake siku 90 na nguo nazivua hukohuko gereji.

Jumapili jioni watu wanakuja kukandamiza bei, niwape? – Dada, Minneapolis

Itategemea ni nani dada yangu. Wapo wanaozunguka jioni makusudi, wanajua umechoka na hutaki kurudi na mzigo, hao waache wapite. Bei zenyewe zilishashuka, chatu mpira albino wa kwanza kuzalishwa na wafugaji alipatikana 1992 kwa mfugaji Mmarekani Bob Clark, enzi hizo albino mmoja ilikuwa hela ya gari, leo unampata kwa bei ya viatu vizuri. Mi nampunguzia yule aliyekuja asubuhi akauliza, akaondoka, akarudi ameshasoma. Nauliza una tanki la kumfugia, una kidhibiti joto, huyu anaweza kuishi miaka 20 hadi 30, ukihama nani atamchukua? Oktoba alikuja kijana na dola 80 mkononi, hana tanki hana chochote, anataka apande naye basi usiku uleule. Nikamwambia kanunue vitu, nakuwekea wiki mbili, sitaki hata senti ya amana. Siku ya tisa akanitumia picha ya tanki tupu, kipimajoto kinasoma nyuzi 31 za Selsiasi. Huyo nilimpa kwa 60.

Vikobe vya maji vidogo vinatoka haraka, na mimi niviweke mezani? – Mdogo wenu, Atlanta

Usiguse mdogo wangu. Tangu 1975 sheria ya shirikisho hapa Marekani inakataza kuuza kobe mwenye gamba chini ya inchi 4 awe wa kufuga nyumbani, kwa sababu ya salmonela, watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Wanaobandika karatasi ya "kwa ajili ya elimu" ili kuikwepa sheria afu wanamuuzia mtoto wa miaka sita usiwaige.

Naweza kuleta vinyonga na chatu wa kwetu Tanzania niuze huku? – Ndugu, Houston

Hapana ndugu, na naomba usijaribu kwa mlango wa nyuma. Yule chatu wetu mkubwa, Marekani ilimweka kwenye orodha ya viumbe haribifu 2012, kumuingiza ni kosa. Tanzania nayo ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi 2016. Na kuna mjusi wetu mmoja wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, dume lake linang'aa utadhani limepakwa rangi, anaishi kwenye miti ya mikadi. Waliokuwa wanamkamata kwa ajili ya soko la nje walikuwa wanaikata ile mikadi ili wamfikie, yani unamchukua mjusi unaharibu na nyumba yake. Tangu 2017 yuko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi la CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Inaniuma sana hii.

Kanisani wamejua nauza nyoka, sasa wananikwepa. – Mama wawili, Dallas

Pole mama. Mama yangu mzazi hakukanyaga kwangu mwaka mzima, na simlaumu, tumekua tunaambiwa nyoka ni wa mganga au wa kuuawa, na kwetu koboko na swila wanaua kweli. Sikubishana naye. Nilimtumia video ya yai, maana yai la chatu ni laini kama ngozi, mtoto analichana kwa kijino kilichopo puani, anachomoza kichwa, anapumua, anarudi ndani, anaweza kukaa hivo siku nzima. Usiku saa nne simu ikaita, ni mama, hata salamu hakutoa: "Ametoka?"